R22: Helikopta nyepesi iliyoshusha gharama za kuruka na kumpunguzia rubani muda wa kufikiri

FRANK Robinson alikuwa na umri wa miaka tisa alipoona gazetini picha ya mhandisi Igor Sikorsky akiwa ndani ya chombo kilichoning'inia hewani bila kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mtoto huyo wa jimbo la Washington, Marekani, aliamua kuwa akikua atatengeneza helikopta.

Miaka 40 baadaye, Machi 1979, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) iliidhinisha muundo wa helikopta yake ya kwanza, R22. Ilikuwa ndogo, yenye viti viwili, mapanga mawili na injini ya pistoni ya aina inayotumika katika ndege ndogo za kawaida.

Tangu hapo zimetengenezwa R22 zaidi ya 4,000, na marubani wengi wa helikopta duniani wamejifunzia humo. Hata hivyo, chombo hicho kimezungukwa na mjadala ambao haujakoma: je, helikopta inaweza kuwa nyepesi na nafuu kiasi gani kabla rubani hajaanza kulipa gharama nyingine isiyoandikwa katika ankara?

Jibu limo katika namna ilivyobuniwa.

Wazo lililokataliwa

Robinson alihitimu shahada ya uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1957, kisha akaajiriwa na kampuni ya Cessna, ambayo wakati huo ilikuwa ikitengeneza helikopta yake iliyoitwa Skyhook.

Kwa miaka 16 alihama kutoka kampuni moja hadi nyingine. Alifanya kazi Umbaugh, McCulloch, Kaman, Bell na hatimaye Hughes. Katika sekta hiyo alijulikana zaidi kwa utaalamu wake wa pangaboi la mkiani, lile dogo linalozuia mwili wa helikopta usizunguke kinyume na mapanga makubwa.

Kote huko alibeba wazo lilelile: helikopta ndogo ambayo mtu wa kipato cha kati au mfanyabiashara mdogo angeweza kuinunua na kuimudu. Waajiri wake hawakuvutiwa. Soko kubwa wakati huo lilikuwa la jeshi na la helikopta za injini za tabo, zenye nguvu nyingi na bei kubwa.

Helikopta za pistoni zilikuwapo. Bell 47, ambayo mwaka 1946 ilikuwa helikopta ya kwanza kuidhinishwa kwa matumizi ya kiraia Marekani, ilikuwa ya aina hiyo. Zilikuwapo pia za Hughes na Enstrom. Lakini kuzitunza kulihitaji mfuko mnene, na saa moja ya kuruka kwa helikopta iligharimu mara kadhaa ya saa moja ya ndege ndogo ya mabawa.

Juni 1973 Robinson aliacha kazi Hughes na kuanzisha kampuni yake nyumbani kwake, Rancho Palos Verdes, California. Chombo cha kwanza kilijengwa katika banda la mabati kwenye uwanja wa ndege wa Torrance. Agosti 28, 1975, kiliruka kwa mara ya kwanza, na aliyekirusha ni Robinson mwenyewe.

Kila kilo ina deni

Ili kuelewa maamuzi yake, ni lazima kuelewa tofauti kati ya ndege ya mabawa na helikopta. Ndege hupata sehemu kubwa ya uwezo wa kuelea kutokana na mwendo wake wa mbele. Helikopta inayosimama hewani haina msaada huo. Uzito wake wote unabebwa na hewa inayosukumwa chini na mapanga, na kazi hiyo inakula nguvu nyingi.

Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa inadai nguvu zaidi. Nguvu zaidi inadai injini kubwa zaidi, nayo inadai mafuta zaidi na giaboksi imara zaidi, ambavyo vyote vina uzito. Mbunifu asipokuwa mkali, chombo kinanenepa mikononi mwake.

Robinson alikata mzunguko huo kwa kuanza na udogo. R22 ya toleo la baadaye, ikiwa imejaza watu na mafuta, hairuhusiwi kuzidi takriban kilo 620, uzito ambao magari mengi madogo ya mjini yanaupita yakiwa matupu. Kipenyo cha mapanga yake ni takriban mita 7.7, na husafiri kwa mwendo wa karibu kilomita 175 kwa saa.

Alichagua mapanga mawili badala ya matatu. Mapanga mawili yana viungio vichache, ni mepesi, na helikopta huweza kuegeshwa katika banda jembamba. Mapanga hayo yanabebana mithili ya bembea ya watoto: moja likiinuka, jingine linashuka.

Hata usukani ulibuniwa upya. Katika helikopta nyingi kila rubani ana mkono wake wa kuongozea kati ya magoti. Ndani ya R22 upo mhimili mmoja katikati ya viti viwili, wenye umbo la herufi T, na mikono yake hufika kwa rubani wa kulia na wa kushoto. Sehemu nyingi za chuma ziliondolewa kwa uamuzi huo mmoja.

Tangi la mafuta liliwekwa juu ya injini ili petroli ishuke yenyewe kwa uzito wake, bila pampu. Mizigo huwekwa chini ya viti. Hakuna nafasi iliyoachwa bila kazi.

Mikanda kama ya mashine ya kusaga

Katikati ya injini na mapanga ndipo palipo na jambo litakalomshangaza asiye mtaalamu. Nguvu haipiti kwenye gia moja kwa moja, bali inapita kwenye mikanda ya mpira, ya aina inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kusimama foleni kwenye mashine ya kusaga unga.

Injini huwashwa mikanda ikiwa imelegea, ili isilazimike kuzungusha mapanga mazito tangu mwanzo. Ikishashika moto, rubani hubonyeza swichi, na mota ndogo ya umeme huinua gurudumu la juu taratibu hadi mikanda ikaze. Hapo mapanga huanza kuzunguka. Kwa njia hiyo Robinson aliepuka klachi nzito na ghali, na mikanda yenyewe hupunguza mitikisiko ya injini isifike kwenye giaboksi.

Injini huzunguka takriban mara 2,650 kwa dakika na mapanga takriban mara 530. Yaani kwa kila mzunguko mmoja wa mapanga, injini imezunguka mara tano.

Ndani ya gurudumu la juu kuna kifaa kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Mwendesha baiskeli akiacha kukanyaga pedeli, tairi huendelea kuzunguka. Vivyo hivyo, injini ya helikopta ikizimika, mapanga huachiwa yaendelee bila kuburuta injini iliyokufa. Bila kifaa hicho, kuzimika kwa injini kungekuwa hukumu ya kifo.

Injini isiyoruhusiwa kutumia nguvu zote

Injini yenyewe ni ya kampuni ya Lycoming, yenye silinda nne. Katika ndege ndogo za mabawa injini ya aina hiyo ilikuwa na uwezo wa nguvu za farasi 150. Robinson aliizuia isizidi 124.

Kwa haraka inaonekana kama upotevu, lakini ulikuwa uamuzi wa busara. Injini isiyokamuliwa hadi tone la mwisho huishi muda mrefu na huharibika mara chache.

Sababu ya pili ni mwinuko wa ardhi. Kadiri chombo kinavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na injini ya pistoni inapungukiwa pumzi. Katika mji kama Nairobi, ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, upungufu huo ni mkubwa. Injini yenye akiba huweza kuendelea kutoa kiwango chake kilichoruhusiwa mahali ambapo nyingine ingekuwa imeanza kuchoka.

Hata hivyo akiba hiyo ina mtego. Kwa kuwa injini hufanya kazi ikiwa imefunguliwa nusu, hewa inayopita kwenye kabureta hupoa sana, na unyevu ulio ndani yake unaweza kuganda kuwa barafu. Jambo hilo halihitaji nchi ya theluji. Kampuni yenyewe imewaonya marubani kuwa barafu inaweza kujitengeneza hata hewa ya nje ikiwa na nyuzijoto 30, mradi iwe na unyevunyevu. Rubani anayeruka katika mji wa pwani uliofunikwa na mawingu yumo katika hatari hiyo sawa na wa Ulaya.

Dawa yake ni joto. Kuna kifaa kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta. Rubani anatakiwa akitumie kabla injini haijaanza kukohoa, si baada.

Miaka minne ya majaribio

Kutoka safari ya kwanza hadi idhini ya FAA kulipita karibu miaka minne. Kwa helikopta, kuonyesha kwamba inaruka ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kuthibitisha kwamba haitachoka na kukatika.

Kila panga linapozunguka, linapinda na kunyooka. R22 huruhusiwa kuruka saa 2,200 au kukaa miaka 12, lolote litakalotangulia, kabla ya kufumuliwa na kujengwa upya. Kwa mizunguko 530 kwa dakika, saa hizo ni sawa na karibu mizunguko milioni 70, na katika kila mmoja chuma kinapinda. Ndiyo maana sehemu muhimu hazisubiriwi zionekane mbovu. Hutupwa muda wake ukifika hata kama macho yanaziona ni nzima.

Kanuni hiyo ya saa 2,200 ilikuwa sehemu ya siri ya unafuu. Mmiliki alijua mapema ni lini atalipia matengenezo makubwa, na aliweza kuigawa gharama hiyo kwa kila saa. Pamoja na matumizi ya mafuta ya takriban lita 30 hadi 38 kwa saa, saa ya helikopta ikawa kitu ambacho shule ndogo ingeweza kuuza.

Waliokuja sokoni si waliotarajiwa

Robinson hakuibuni R22 kwa ajili ya wanafunzi. Aliwafikiria watu binafsi na wafanyabiashara wanaotaka kusafiri haraka. Lakini bei ilipotangazwa, wa kwanza kuchangamka walikuwa wenye shule za urubani, na huko Australia wafugaji waligundua kwamba helikopta hiyo ndogo inaweza kuswaga maelfu ya ng'ombe katika mashamba makubwa ya kaskazini.

Hapo ndipo wepesi ulipoanza kudai malipo yake.

Mapanga mazito yanayozunguka hubeba akiba ya nguvu, kama gurudumu kubwa la jiwe ambalo halisimami upesi. Mapanga ya R22 ni mepesi. Injini ikizimika, kasi yake huporomoka mara moja. Rubani ana sekunde moja hadi mbili tu za kushusha mkono wa kushoto, ule unaopunguza mwinamo wa mapanga, ili hewa inayopanda kutoka chini iendelee kuyazungusha.

Akifanya hivyo kwa wakati, helikopta hushuka ikizungushwa na upepo, na akifika karibu na ardhi anaweza kutua salama. Akichelewa, mapanga hupoteza kasi kiasi cha kutoweza tena kuibeba hewani, na hakuna ujanja wa kuyarejesha.

Kwa mwalimu mzoefu sekunde hizo zinaweza kutosha. Kwa mwanafunzi ambaye bado anajiuliza aangalie wapi, ni chache mno.

Hatari ya pili inatokana na ile bembea ya mapanga mawili. Rubani akisukuma usukani mbele ghafla, mathalani baada ya kupanda kwa nguvu, helikopta hupita kama gari linalovuka tuta kwa kasi, na waliomo huhisi kuelea. Katika muda huo mapanga hayabebi uzito, lakini pangaboi la mkiani linaendelea kusukuma, na mwili wa helikopta hulalia upande wa kulia.

Mtu yeyote angevuta usukani kushoto. Kufanya hivyo ndiko kunakoua. Mapanga huinama lakini mwili haufuati, kitovu cha mapanga hugonga mlingoti unaoyabeba, na mlingoti unaweza kukatika au panga likapiga kibanda cha rubani. Njia sahihi ni kurudisha usukani nyuma kwanza taratibu, mapanga yabebe uzito tena, ndipo kurekebisha mlalo.

Kanda iliyonaswa angani

Juni 1992, R22 iliyokuwa katika safari ya mafunzo karibu na Richmond, California, ilivunjika ikiwa angani. Ndani yake kulikuwa na kinasa sauti kidogo kilichokuwa kikirekodi somo. Wachunguzi walipoisikiliza kanda hiyo walikuta mazungumzo ya kawaida kati ya mwalimu na mwanafunzi, kisha ghafla kelele za ajali, bila dalili ya tahadhari kabla yake.

Tukio hilo lilichangia uchunguzi maalumu wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani kuhusu ajali ambazo mapanga ya R22 yaligonga mwili wa helikopta. Ripoti ilitolewa mwaka 1996.

Kabla ya ripoti hiyo, mwaka 1995, FAA ilikwisha kutoa kanuni maalumu kwa helikopta za Robinson pekee. Ilitaka kila anayegusa usukani wake apewe kwanza mafunzo ya hatari hizo: kupungua kwa kasi ya mapanga, kugonga mlingoti, na kuelea kwa kusukuma usukani mbele. Mwanafunzi alitakiwa kuwa na angalau saa 20 za mafunzo na mwalimu ndani ya R22 kabla ya kuruka peke yake.

Kampuni nayo haikukaa kimya. Tangu mwaka 1982 ilikuwa imeanzisha kozi ya usalama, na ilikuwa ikitoa ilani zinazoeleza bila kuficha namna marubani walivyokufa.

Helikopta pia ilifungwa kidhibiti mwendo. Kwa wasomaji wa Kenya na Tanzania neno hilo huleta picha ya matatu na mabasi, lakini kazi yake hapa ni nyingine: badala ya kuzuia mwendo usizidi, huongeza na kupunguza mafuta chenyewe ili kasi ya mapanga isibadilike. Kasi ikishuka chini ya asilimia 97, honi hulia na taa huwaka.

Mjadala ambao haujafungwa

Mafanikio ya R22 yalizaa R44, yenye viti vinne na injini ya silinda sita, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1990 na kuidhinishwa mwishoni mwa 1992. Mwaka 2010 ikafuata R66, ya kwanza ya kampuni hiyo kutumia injini ya tabo.

Nazo zilikuwa na masomo yake. Baada ya ajali kadhaa za R44 ambazo watu waliungua ingawa kishindo chenyewe kilikuwa cha kunusurika, mwaka 2010 kampuni ilielekeza matangi ya alumini yawekewe mifuko ya ndani isiyopasuka upesi.

New Zealand, nchi yenye milima na upepo mkali, mwaka 2016 tume yake ya kuchunguza ajali iliweka suala la helikopta za Robinson kugonga mlingoti katika orodha ya mambo yanayotia wasiwasi zaidi.

Wanaoitetea R22 husema mapanga mawili ya bembea si ya Robinson peke yake, kwa kuwa Bell ilikwisha kuyatumia kwa miaka mingi, na kwamba chombo kinachotumiwa sana na wanafunzi hakiwezi kukosa ajali nyingi. Huongeza kuwa injini na giaboksi zake si chanzo kikuu cha ajali hizo. Mkono wa binadamu ndio chanzo.

Wanaoikosoa hujibu kwamba chombo kinachouzwa kwa wanaoanza kinapaswa kusamehe makosa ya wanaoanza. Kumlaumu rubani kwa kukosa sekunde mbili, wanasema, ni kusahau kwamba mbunifu ndiye aliyeamua ziwe mbili.

Pande zote mbili zina hoja. Bila wepesi huo, maelfu ya marubani wa leo wa uokoaji, wa hospitali na wa polisi wasingemudu ada ya kujifunza. Na wepesi huohuo ndio uliowanyima wengine nafasi ya kujirekebisha.

Robinson alistaafu mwaka 2010 akiwa na miaka 80 na kumwachia uongozi mwanawe Kurt. Alifariki Novemba 2022 akiwa na umri wa miaka 92. Lengo alilojiwekea tangu utotoni, helikopta ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia, alilitimiza kuliko mhandisi mwingine yeyote wa zama zake.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Katika R22 urahisi wa bei haukuvunja upishi, kwa maana chombo kilijengwa kwa umakini mkubwa. Kinachobaki ni kwa mwanafunzi anayepanda kwa mara ya kwanza kuambiwa, kabla mikanda haijakazwa, ni sekunde ngapi alizonazo na mkono upi autumie kwanza.